Gesi au umeme? Anza na ukuta, halafu sufuria

SWALI

Mshauri, salaam.

Tunahamia nyumba nyingine mwezi ujao na jiko letu la zamani hatuendi nalo, limechakaa. Sasa ndani ya familia kila mtu ana lake. Baba watoto anataka jiko kubwa la umeme la kusimama, pleti nne juu na oveni chini. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema moto usiouona huwezi kuutawala, kwa hiyo yeye ni gesi tu. Wifi yangu naye anatuhimiza tuchukue induksheni, lile jiko la umeme la kioo linalopasha sufuria kwa sumaku, anasema inachemsha maji kabla hujamaliza kukata vitunguu.

Tuko watu sita. Tunapika mara mbili kwa siku, na maharage mara mbili kwa wiki. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu na anashika kila anachokiona. Chumba cha kupikia ni kidogo, kina dirisha moja juu ya sinki na mlango wa kutokea nje. Ukutani kuna soketi mbili za ampea 13, swichi ya jiko hakuna. Umeme hukatika mara moja moja, na ukikatika unaweza kukaa saa tatu. Jioni taa hufifia. Sufuria zetu karibu zote ni za alumini, na tuna kikaangio kimoja kizito cha chuma chenye kitako cha mviringo ambacho mama hataki kukiacha.

Tununue lipi, na tuangalie nini kabla ya kutoa fedha? Na ni kweli kwamba umeme ni ghali kuliko gesi?

Mama wa Watatu

JIBU

Mama wa Watatu, salaam kwako na shikamoo kwa mama mkwe.

Kwa nyumba uliyoieleza, fanyeni induksheni ya kuweka mezani iwe jiko la kila siku, na muwe na jiko dogo la gesi kwa siku za kukatika umeme na kwa kile kikaangio. Jiko kubwa la pleti nne lisubiri mpaka waya za nyumba zikaguliwe. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu nyumba ikibadilika kidogo tu jibu nalo hubadilika.

Nianze na ukuta, maana hapo ndipo watu wengi huumia baada ya kununua. Pleti nne zikiwashwa pamoja zinaweza kuvuta wati 7,000, kabla hujagusa oveni. Gawa kwa volti 230 unapata ampea 30. Soketi yako ya ampea 13 mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Jiko la namna hiyo halichomekwi kwenye soketi; linataka waya wake lenyewe kutoka kwenye boksi la breka, kwa kawaida wa milimita 6 za mraba, breka yake ya ampea 32 na swichi yake karibu na jiko. Mwite fundi umeme mwenye leseni na umuulize mambo matatu: umeme unaoingia nyumbani ni wa ampea ngapi kwa jumla, zile soketi mbili za jikoni ziko kwenye breka moja au tofauti, na waya wa ardhi unafanya kazi. Akikujibu swali la tatu bila kupima, tafuta fundi mwingine.

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Jiko moja la induksheni la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Mawili kwenye mkondo mmoja wenye breka ya ampea 20 ni zaidi ya ampea 17, bado birika la umeme halijawashwa. Breka itakuwa inakatika kila mnapopika kwa haraka. Kama soketi zote mbili ziko kwenye breka moja, tumieni jiko moja la induksheni kwa wakati mmoja, au fundi avute waya mwingine. Yale majiko ya pleti mbili yenye plagi moja hayaondoi tatizo, kwa sababu mengi hugawana nguvu ile ile: ukipandisha upande mmoja, mwingine hushuka.

Ekstensheni iacheni kabisa. Jiko huvuta umeme mwingi kwa saa nzima mfululizo, na waya mwembamba uliokunjwa hupata joto mpaka ganda lake linalainika. Baada ya kupika dakika 20, gusa plagi. Ikiwa na uvuguvugu si neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, au uso wa soketi umegeuka rangi ya kahawia, vibano vya ndani vimelegea. Kazi ya fundi hapo ni kubadilisha soketi yote; kuikaza skrubu pekee hakutoshi.

Taa kufifia jioni ni ishara kwamba volti inashuka. Kwa jiko la koili au la pleti za chuma, nguvu hushuka kwa kasi kuliko volti yenyewe: volti 230 zikishuka hadi 190, pleti ya wati 2,000 inabaki na takriban wati 1,370. Chakula cha dakika 40 kinachukua saa, na mpishi analaumiwa bure. Induksheni hufanya vingine. Kuna zinazovuta ampea zaidi ili kufidia, na kuna zinazokataa kufanya kazi na kuonyesha alama ya hitilafu kwenye kioo. Kabla ya kununua, tazama kibandiko cha chini au kijitabu chake kinasema linafanya kazi kuanzia volti ngapi. Na fundi akija, aje jioni, apime volti kwenye soketi saa ile ile mnayopika.

Sasa kifua cha mtoto, ambacho ndicho kilichonifanya niegemee umeme. Mwali wowote wa gesi, hata ule wa bluu safi, huzalisha naitrojeni dioksaidi, kwa sababu joto lake huunganisha naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani. Hewa hiyo huwasha njia za kupumulia, na mwenye pumu huisikia mapema kuliko wengine. Katika chumba kidogo chenye dirisha moja hujaa upesi. Mwali ukiwa na njano, kuna jambo jingine juu ya hilo: gesi haipati hewa ya kutosha, kwa hiyo inatoa masizi na kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Umeme hauna mambo haya mawili. Lakini moshi wa mafuta ya kukaangia unatoka kwenye mafuta yenyewe, na utaupata kwa jiko lolote. Kwa hiyo dirisha na mlango wa nje vifunguliwe hata mkiwa na induksheni. Mkifunga feni, iwe ya kutoa hewa nje ya nyumba; ile inayochuja na kurudisha ndani haimsaidii sana mtoto huyu. Iwashwe kabla ya kuanza kupika na iachwe dakika kumi na tano hivi baada ya kumaliza.

Induksheni inafanyaje kazi? Chini ya kioo kuna koili ya shaba inayotengeneza sumaku inayobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Sumaku hiyo huamsha mkondo wa umeme ndani ya kitako cha sufuria, na kitako chenyewe ndicho kinachopata joto. Ndiyo maana sufuria zako za alumini hazitafanya kazi: jiko litapiga mlio na kuzima. Chukua sumaku ndogo upite nayo kabatini. Inayonata barabara katikati ya kitako na pembeni, inafaa. Inayonata kwa kulegea itapika, ila polepole. Isiyonata, iweke kando. Jihadhari na chuma cha pua, kwani kipo kinachonata na kipo kisichonata ingawa kwa macho vinafanana, hivyo nenda dukani na sumaku mfukoni. Kitako kiwe bapa. Kiweke juu ya kioo ukibonyeze pembeni, kikiyumba kiache. Upana usipungue sentimita 12, la sivyo majiko mengi hayaioni sufuria.

Msinunue seti nzima. Kwa watu sita, sufuria mbili za chuma cha pua zenye kitako kinene, moja ya lita 5 au 6 na moja ya lita 3, pamoja na kikaangio bapa cha sentimita 26 au 28, zinabeba karibu mapishi yote. Kuna bamba la chuma linalouzwa ili liwekwe kati ya induksheni na sufuria ya alumini. Simshauri mtu alitumie. Bamba hupata joto kali kuliko sufuria, joto linarudi kwenye kioo, vihisi vya jiko vinazima kila mara, na ile faida ya kutumia umeme kidogo inapotea yote.

Hoja ya mama mkwe kuhusu kuutawala moto ina ukweli wake, na dawa yake iko dukani. Majiko mengi ya bei ya chini ya induksheni hayawezi kushuka chini ya wati 800 au 1,000 kwa mfululizo. Ukichagua moto mdogo, yanawaka kwa nguvu sekunde chache, yanazima, yanawaka tena. Maji na maharage hayajali, ila maziwa, uji na mchuzi mzito hushika chini kila linapowaka. Omba kujaribu: weka vikombe viwili vya maji, chemsha, kisha shusha hadi namba ya chini kabisa na uangalie mapovu. Yakija na kutoweka kwa zamu, jiko linakatakata. Yakiendelea madogo madogo bila kukoma, umepata jiko la kupikia mchuzi.

Kosa la wiki ya kwanza karibu kwa kila anayehama kutoka gesi ni kuweka kikaangio kitupu kwenye namba ya juu kabisa kama alivyozoea. Chuma chembamba kinapinda kitako, na mafuta kidogo yanaanza kutoa moshi ndani ya dakika moja au mbili. Weka mafuta, anza na nusu ya nguvu, subiri dakika mbili, ndipo upandishe. Mafuta yakishika moto, kwa jiko lolote, zima na ufunike kwa mfuniko. Maji usiyamwage kamwe. Maharage yakishachemka, shusha hadi wati 400 au 500 na funika. Kuyachemsha kwa wati 2,000 muda wote hakuyaivishi mapema, maana maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100. Unapoteza umeme na maji tu. Sufuria ya presha huyaivisha mapema kwa sababu humo ndani maji yanafika nyuzi 115 hadi 120. Ila hakikisha kitako chake kinanata sumaku, nyingi ni alumini tupu.

Kwa mdogo wenu anayeshika kila kitu, induksheni haina mwali, na sufuria ikiondolewa inazima yenyewe muda mfupi baadaye. Usidhani kioo ni baridi, kwani kinapata joto kutoka kwenye sufuria na kinaweza kuunguza kiganja dakika kadhaa baada ya kuzima. Chagua lenye kitufe cha kufunga vidhibiti. Waya usining'inie ukingoni, na mkono wa kikaangio uelekee ukutani. Nyuma na pembeni uacheni mwanya wa sentimita 10 hivi, na jiko lisikae juu ya kitambaa, kwa sababu feni yake inavuta hewa kutokea chini. Likizimwa, feni huendelea kidogo. Ngoja inyamaze ndipo uchomoe. Majiko mengi haya hufa kwa joto la ndani, mvuke wa mafuta na mende wanaoingia kupitia matundu ya feni, kwa hiyo usafi wa pale chini ni sehemu ya matengenezo. Kama nyumbani kuna mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, aulize daktari wake kwanza, na kwa kawaida huambiwa akae umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye jiko likiwa limewashwa.

Pleti za chuma za kawaida zinapokea sufuria za alumini, na hilo linawavutia wengi. Huwa nazipendekeza kwa mtu asiyeweza kununua sufuria mpya na asiye na mtoto mdogo. Zinachelewa kushika joto, na zikizimwa zinabaki za moto muda mrefu. Kwenu, hapana.

Kuhusu gharama, sitakutajia bei; nitakupa hesabu ya kufanya na bei za kwenu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 13 za umeme. Lakini kwenye jiko la gesi, joto linaloingia kwenye sufuria ni kama asilimia 40, na mengine yanapanda pembeni na kukupasha wewe. Pleti ya umeme inaingiza kama asilimia 70 hadi 75, induksheni kama 85. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inapika sawa na takriban uniti 6 za induksheni, au uniti 7 za pleti. Chukua bei ya kilo moja ya gesi, linganisha na bei ya uniti 6. Ndogo ndiyo nafuu kwenu. Kwa kipimo cha jikoni, kuchemsha lita 2 za maji kunakula uniti 0.22 za induksheni, dakika 6 hadi 7 kwa wati 2,000. Kwa gesi ni gramu 35 hadi 40. Kama umeme wenu unapanda bei baada ya idadi fulani ya uniti kwa mwezi, tumia bei ya daraja la juu katika hesabu hii, kwa kuwa uniti za jiko ndizo zitakazowasukuma huko.

Sasa ile gesi ya akiba. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inapovuja inatambaa sakafuni na kutulia. Dirisha lililo juu ya sinki haliitoi. Mlango wa nje ndio unaoitoa, tena uwe na mwanya chini au tundu la hewa usawa wa sakafu. Mtungi usimame wima siku zote, kwa sababu ukilazwa gesi hutoka ikiwa kimiminika na regulata, kile kifaa cha mtungini kinachopunguza presha ya gesi, haiwezi kuizuia. Regulata ifanane na jiko: tazama kibandiko kinasema jiko linataka milibari (kipimo cha presha) ngapi, mara nyingi 28 hadi 30, na regulata isome hivyo hivyo. Ikizidi, mwali unanguruma na kuruka juu ya kichwa cha jiko. Mpira uwe ulioandikwa kuwa ni wa gesi, usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko penye joto, na ubadilishwe tarehe iliyochapwa juu yake ikifika hata kama kwa macho bado ni mzima. Mpira wa maji haufai, maana gesi hiyo huukausha na kuupasua kutokea ndani.

Kila mnapobadilisha mtungi, fungeni vidhibiti vya jiko, fungueni regulata, kisha pakeni povu la sabuni kwa brashi kwenye shingo ya mtungi, regulata, ncha zote mbili za mpira na pale mpira unapoingia kwenye jiko. Povu likivimba, panavuja. Kiberiti si kipimo cha kuvuja. Mkisikia harufu, fungeni mtungi, fungueni mlango na dirisha, msiwashe wala kuzima swichi yoyote, tokeni nje.

Katika kuchagua jiko la gesi, angalia kando ya kila kichwa kama kuna ncha ndogo ya chuma inayokaa ndani ya mwali. Hicho ni kihisi, na mwali ukipulizwa na upepo au ukizimwa na uji uliomwagika, kinafunga gesi ndani ya dakika moja hivi. Utalitambua pia kwa kuwa linataka ubonyeze kidhibiti sekunde chache baada ya kuwaka. Lisilo na kihisi, katika nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, lipite. Mwali ukigeuka njano baada ya kusafisha, kausha vichwa, vikalishe sawasawa kwenye nafasi zao na zibua matundu ya hewa. Vumbi na utando wa buibui ndio wakosaji wakubwa. Ukibaki njano, huenda nozeli, kile kitundu kinachotoa gesi, si ya gesi mnayotumia, na hiyo ni kazi ya fundi.

Siku za gesi, mtoto mwenye pumu akae chumba kingine na mlango wa nje uwe wazi. Baada ya kila matumizi fungeni regulata pale mtungini, kidhibiti cha jiko pekee kisitegemewe. Kujua kilichobaki, pimeni mtungi kwa mizani na mtoe uzito wa mtungi mtupu uliopigwa muhuri kwenye chuma chake. Kwa jiko la akiba, kukiwa kumebaki kilo moja, huo ndio wakati wa kwenda kujaza.